Kipima Muda cha Adhana ya Magharibi

Niliporudi Isiolo na shahada ya hisabati, mama alisema nimerudi pia na ugonjwa: kila nikiambiwa jambo, nauliza umejuaje. Nilimuuliza daktari wa mifugo amejuaje kwamba mbuzi wetu hana homa ya mapafu. Nilimuuliza chifu. Nilimuuliza mjomba, aliyekuwa akieleza kwa nini cheo fulani cha kaunti safari hii ni zamu ya watu wetu. Mjomba aliweka kikombe chini akasema, "Nairobi imekuharibu kabisa."

Kazi niliyopata ilinifaa. Nilikuwa naandika habari katika redio ndogo ya mji, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja nasi. Upepo wa mchana ukianza tulifunga madirisha ili vumbi lisiingie kwenye mitambo, tukabaki tukitoka jasho kwa heshima ya mashine.

Fundi wa programu pale alikuwa mwanamke wa Kiturkana kutoka mtaa wa Chechelesi, aliyenizidi umri kidogo. Alikuwa amesoma Nairobi kama mimi, akafanya kazi huko, kisha akarudi kwa sababu alisema amechoka kurekebisha programu za watu ambao hatawaona maisha yake yote. Jumapili aliimba kwaya. Siku nyingine zote alikaa mbele ya kompyuta ya zamani akitafuna njugu, miguu ameikunja juu ya kiti, akizungumza na mashine kwa Kiturkana na kuitukana kwa Kiborana. Kiborana chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo mama alilitaja kila alipopata nafasi.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya kaunti, na mji mzima ulikuwa umejifunza neno moja: zamu. Nafasi za kazi zilikuwa za zamu, gari la maji lilikuwa la zamu, hata viti vya mbele kwenye sherehe vilikuwa na hesabu yake. Redio nayo haikuponyoka. Kila jioni tulirusha matangazo ya watu: msiba, ng'ombe waliopotea, siku ya soko la Oldonyiro, gari linaloelekea Sericho lenye nafasi. Yalirekodiwa kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru na Kiswahili. Lugha moja ikirukwa, simu ya ofisi ililia kabla wimbo uliofuata haujaisha. "Kwa hivyo sisi si watu?" mtu angeuliza, na meneja wetu, mzee mwoga mwenye moyo mzuri, angeomba msamaha akiwa amesimama.

Fundi ndiye aliyeimaliza kesi hiyo, na namna alivyoimaliza ndiyo iliyonifanya nianze kumfuata kama mkia.

Programu ya redio, alinieleza, haipaswi kuwa kama mtu mmoja anayefanya jambo hili, akimaliza afanye lile. Ndani yake kuna nyuzi kadhaa. Kila uzi ni mfanyakazi mwenye kazi yake: mmoja anacheza muziki, mwingine anashughulikia matangazo ya Kiborana, mwingine ya Kisomali. Wote wako hai kwa wakati mmoja. Shida si kuwafanya wafanye kazi. Shida ni kuwafanya wasubiri.

"Kusubiri ni shida gani?" nikamuuliza. "Uzi uzunguke tu ukiangalia saa. Imefika? Bado. Imefika? Bado. Ikifika, uanze."

Alimeza njugu kwanza. "Umewahi kusafiri na mtoto kwenda Sericho?"

"Nimewahi."

"Mmetoka mjini, hata vumbi la kwanza hamjalipita. Anasema nini?"

"Tumefika?"

"Na anaendelea hivyo mpaka Sericho. Gari limeenda haraka kwa sababu anauliza? Na dereva je, kichwa chake kiko wapi?" Akagonga kompyuta kwa kidole. "Hii ni mzee. Ukimpa watoto watano wa kumuuliza hivyo, hata wimbo utakatika."

"Basi ulale. Uuambie ulale kwa muda fulani, ukiamka ufanye kazi."

"Na nikitaka kuuambia safari imeahirishwa? Amelala fofofo. Hanisikii mpaka aamke mwenyewe."

Hapo ndipo aliponionyesha kipima muda. Si saa, na si kengele ya simu. Ni kitu kidogo unachokiunda ndani ya mfumo wa kompyuta, unakipa wakati, kisha uzi unalala mlangoni pake. Hautumii nguvu yoyote. Wakati ukitimia, mlango unafunguka na mfumo wenyewe unauamsha uzi. Jambo lililonipendeza zaidi ni kwamba uzi unaweza kulala mlangoni pa vitu viwili kwa pamoja: kipima muda, na ishara ya kusitisha. Chochote kitakachotangulia ndicho kitakachouamsha. Nilimwambia sijawahi kumjua binadamu anayeweza kusubiri mambo mawili namna hiyo bila kukosa usingizi. Akasema ndiyo maana tunaandika programu.

Kisha akanionyesha namba. Ukikipa kipima muda namba chanya, unakitajia saa yenyewe: siku fulani, wakati fulani, kwa kalenda ya kompyuta. Ukikipa namba hasi, unakiambia muda wa kuhesabu kuanzia sasa, na hakijali saa ya ukutani inasema nini. Na hesabu yake ni ya vipande vidogo mno, sehemu ya kumi ya sehemu ya milioni ya sekunde.

"Umejuaje kwamba hakijali?" nikauliza.

Akasukuma kiti nyuma, akaniachia kibodi. "Jaribu."

Niliweka vipima muda viwili, kimoja cha kila aina, kisha nikasogeza saa ya kompyuta mbele kwa lisaa lizima. Kile cha namba chanya kilifunguka papo hapo, maana kwake wakati ulikuwa umeshapita. Kile cha namba hasi kilikaa kimya, kikiendelea kuhesabu kama mtu anayepika chai na kuacha wengine wabishane. Nilirudia. Nikasogeza saa nyuma. Nilikuwa natafuta uongo na sikuupata, na nakumbuka furaha niliyoisikia. Watu wengi nilikuwa nimewauliza wamejuaje, wakakasirika. Yeye alinipa kibodi.

Kwa matangazo alikuwa ametumia aina ya kipima muda ambayo, wakati ukitimia, huamsha uzi mmoja tu. Mmoja anapita, mlango unajifunga nyuma yake, wengine wanaendelea kulala. Nyuzi tano za lugha tano zililala mlango mmoja, na kila baada ya nyimbo kadhaa mmoja ulipita. Nilimuuliza nani anachagua atakayepita. Akasema mfumo, na kwamba mfumo hauahidi haki, kwa hivyo kila uzi ukiamka huangalia kwanza kama zamu ni yake, la sivyo humpisha mwenzake. Simu za malalamiko zilikwisha. Meneja alianza kunywa chai akiwa ameketi.

Basi ikaja habari ya adhana.

Wanaokaa karibu na msikiti husikia adhana kwa vipaza sauti. Lakini nje ya mji, kwenye malisho, mtu anayefunga Ramadhani ana redio ndogo tu shingoni mwa ngamia au mfukoni. Akisikia adhana ya Magharibi redioni, anafungua saumu. Mwaka uliotangulia, mtangazaji wetu wa jioni alikuwa akiibonyeza kwa mkono. Yeye ni Mmeru aliyezaliwa mjini hapa, Mkristo, mcheshi, na jioni moja, akibishana hewani kuhusu mpira, alibonyeza mapema. Watu walikula jua likiwa bado lipo. Imamu wa msikiti mkubwa aliwatangazia kwamba saumu ya siku ile haihesabiki, wailipe baada ya Ramadhani. Jirani wa fundi kule Chechelesi, mama mjane anayeuza maziwa ya ngamia, alikuwa mmoja wao. Aliilipa siku yake katika wiki ya joto kali, akibeba madumu, na fundi alimwona kila jioni akirudi midomo imekauka.

"Alinisalimia tu," fundi aliniambia. "Hakulaumu. Angenilaumu ningelala."

Ndiyo maana alikwenda mwenyewe kwa meneja kuomba adhana iingizwe kwenye programu. Meneja aliogopa, akampigia imamu, na imamu akaja. Alikuwa mtu mrefu, msomi, aliyevaa miwani ya kusomea juu ya kofia. Alipanda ngazi zetu akiziba pua kwa ajili ya dawa ya kupe, akaketi.

"Salaam aleikum. Nani ataipiga hiyo adhana yenu?"

"Kompyuta, sheikh," meneja akajibu kwa sauti ndogo.

"Na kompyuta imefundishwa na nani?"

"Na mimi, sheikh," fundi akasema.

Imamu akamgeukia. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Chechelesi."

"Binti yangu, jua la Oldonyiro linatua baada ya letu. Walioko kule wanawasikia nyinyi. Utawafanyaje?"

Nilidhani amemshika. Fundi akasema alikuwa ameliwaza hilo, kwamba adhana ya redio itasubiri kidogo mpaka jua litue hata kwa msikilizaji wa mwisho upande wa magharibi, na akamwomba imamu amwambie kiasi cha kusubiri kisichovunja sheria. Wakazungumza kwa muda mrefu, vichwa vimeinamia ratiba ya swala, mwanakwaya na imamu, kama watu wawili wanaopima kitambaa. Mimi, Mwislamu wa ofisi hiyo, sikuwa na la kuchangia.

Mwishoni imamu alisimama. Akasema mwezi huu wa Shaabani tujaribu tunavyotaka, atatusamehe. Lakini Ramadhani ikiingia, adhana ya Magharibi ikikosea mara moja tu, Ijumaa atapanda mimbari awaambie watu wasifuturu kwa redio yetu. "Sitafanya kwa hasira," alisema. "Nitafanya kwa sababu wataniuliza mimi."

Alipoondoka meneja alimgeukia fundi. Imamu akisema neno hilo, alisema, redio imekwisha kwa nusu ya mji, na yeye hatakuwa na budi kurudi kwenye kubonyeza kwa mkono na kumwachisha fundi kazi. Alisema hivyo akitazama sakafu. Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni ya kwanza ya majaribio tulisimama wote studio. Wakati ulipotimia, muziki ulinyamaza vizuri kabisa. Kisha hakuna. Kimya. Mtangazaji alisubiri, akatutazama kupitia kioo, akafungua maikrofoni na kusema kwa sauti ya mazishi, "Wasikilizaji, mnasikiliza... kimya cha Magharibi."

Jioni ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Adhana ilianza kwa wakati wake, sauti nzuri, lakini muziki haukukoma. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, mwanamke akimuuliza mpenzi wake kwa nini hashiki simu. Mtangazaji aliruka juu ya mitambo kama mtu anayezima moto. Simu ya ofisi ikalia. Alikuwa imamu.

"Huyo mama," imamu alisema, "mwambieni aongee na mume wake baada ya swala." Akakata. Hatukujua kama ni mzaha.

"Injinia," mtangazaji alisema akijifuta jasho, "mimi hata nilipokosea, nilikosea mara moja kwa mwaka. Wewe unakosea kwa mitindo tofauti tofauti."

Alicheka, na fundi alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa mbali. Mimi nilikaa na neno lile: mitindo tofauti. Kosa la kawaida hujirudia vilevile. Hili lilibadilika. Kesho yake asubuhi nilimwuliza swali nililolala nalo: mbona jana muziki haukukoma na adhana ikaanza, na juzi muziki ulikoma na adhana haikuanza? Mbona hazikukosa zote mbili, au kupata zote mbili?

Aliacha kutafuna. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ni zamu," akasema. "Nimeipiga adhana kwa zamu!"

Alikuwa amechukua kipima muda cha aina ileile iliyomfaa kwa matangazo, ile inayoamsha uzi mmoja tu. Na kwa adhana kulikuwa na nyuzi tatu mlangoni: wa muziki uliopaswa kunyamaza, wa maikrofoni na simu za hewani uliopaswa kuzifunga, na wa adhana yenyewe. Wakati ulipotimia, mmoja aliamka, mlango ukajifunga, na wawili waliobaki wakaendelea kulala wakiheshimu foleni. Juzi aliyeamka ni muziki. Jana ni adhana. Kompyuta ilikuwa imefanya alichoambiwa, kwa uadilifu wote.

Nimefikiria mara nyingi baadaye kwamba kosa lile lisingefanywa na mtu wa mji mwingine. Mtu mwingine, akitaka kuwaambia wafanyakazi wake jambo, angeanza kwa kuwaamsha wote, na baadaye ndipo angejifunza kuwaamsha mmoja mmoja. Sisi tulikuwa tumeishi kwa zamu mpaka zamu ikawa ndiyo akili. Lakini jua halitui kwa zamu. Halitui leo kwa Wasomali, kesho kwa Waturkana. Likitua, limetua kwa kila aliye mlangoni.

"Iko aina nyingine," alisema, tayari vidole viko kazini. "Inafungua mlango na kuuacha wazi. Wote wanapita."

"Na nani anaufunga?"

"Eh?"

"Mlango. Umesema unabaki wazi. Uzi wa adhana ukimaliza adhana, unarudi mlangoni kusubiri ya kesho. Unaukuta wazi. Si utapita tena?"

"Utapita tena. Adhana itapigwa usiku kucha." Akatabasamu, na nikaelewa kwamba alikuwa ameliona hilo kabla yangu na alikuwa akinisubiri nifike. "Kwa hivyo uzi ukimaliza haurudi mlangoni. Unaketi pembeni na kutoa ishara kwamba umemaliza. Wote watatu wakishatoa ishara, wa nne, msimamizi, anakipa kipima muda saa ya kesho. Kukipa saa mpya ndiko kuufunga mlango. Baada ya hapo ndipo anawaruhusu warudi kulala."

"Na adhana ikiamka kabla muziki haujanyamaza?"

"Inasubiri ishara ya muziki. Wameamka pamoja, lakini mwenye kelele anatangulia kunyamaza."

Niliuliza mengine mengi. Umeme ukipotea? Saa ya kompyuta ikirekebishwa na mtandao? Kwa hilo la mwisho alikuwa ametumia namba chanya, kwa sababu adhana inafuata saa, na saa ikisahihishwa adhana inapaswa kusahihishwa nayo. Matangazo aliyaacha kwenye namba hasi. Sikumkuta na jibu la kubahatisha hata moja. Alipokuwa hajui, alisema hajui, akaandika programu ndogo ya kujaribu, tukaitazama pamoja. Chuo kikuu nilikuwa nimekutana na watu waliojua mengi kumzidi. Sikuwa nimekutana na mtu ambaye maswali yangu yalikuwa yanamsaidia na akayataka zaidi.

Shaabani ikaisha bila kosa lingine. Mwezi ukaonekana.

Jioni ya kwanza ya Ramadhani alileta tende kwenye sahani kwa ajili yetu tuliofunga. Ndiyo, nafunga, nina maswali yangu, lakini nafunga. Wakati ulipotimia wimbo ulishuka na kunyamaza, taa nyekundu ya maikrofoni ikazimika yenyewe, kukawa na pumzi moja ya kimya, na adhana ikaanza. Nilishika tende mkononi nikasahau kuila. Mtangazaji alininong'oneza, "Kula basi, au unataka kuuliza imejuaje?"

Ikaenda hivyo siku baada ya siku, mpaka jioni ya Alhamisi ya kwanza.

Jioni hiyo mheshimiwa mmoja alipiga simu hewani. Alikuwa mtu mkubwa wa kaunti, na alitaka kujibu lawama kuhusu kisima fulani. Alianza alasiri ikiwa inaisha, tukadhani atamaliza. Hakumaliza. Alieleza historia ya kisima, akaeleza historia yake mwenyewe, akarudi kwenye kisima. Mtangazaji alijaribu kumshukuru mara kadhaa. Dirishani jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba na vumbi limekuwa jekundu.

Meneja aliingia akitembea kwa vidole. "Adhana itamkata," akasema.

"Itamkata," fundi akakubali.

"Mheshimiwa! Katikati ya sentensi!"

"Ikiwa atakuwa katikati ya sentensi."

Kwenye meza kulikuwa na kitufe cha kusitisha, kile cha jambo la pili ambalo nyuzi zilikuwa zikilisubiri pamoja na wakati. Fundi alikiweka kwa ajili ya moto, au habari ya mafuriko, au kitu chochote ambacho binadamu aliye studio angekijua na kompyuta isikijue. Meneja alinyoosha mkono ukakaa juu yake.

"Dakika chache tu," alisema. "Amalize. Kisha tunaipiga."

Nilitegemea fundi amzuie. Mimi nilikuwa tayari kumzuia. Yeye hakuinuka hata kitini.

"Ukibonyeza, zitakutii," alisema taratibu. "Nimeziandika hivyo, ni redio yako. Lakini kule nje kuna mtu ameshika kikombe, mzee wangu. Anatungoja sisi. Na kesho ni Ijumaa."

Jasho lilikuwa linamtoka meneja kwenye kidevu. Kupitia spika mheshimiwa alikuwa akisema, "... na nataka wananchi waelewe vizuri kwamba mimi binafsi, kwa mikono yangu hii, nili—"

Meneja aliondoa mkono akaufunika uso.

Taa nyekundu ikazimika. Kimya kile cha pumzi moja. Adhana.

Nasema ukweli, sijawahi kuona kitu kilichofanya kazi yake kwa usafi namna ile. Nyuzi tatu ziliamka kwa pamoja. Mmoja ukafunga mdomo wa mtu ambaye mji mzima ulikuwa unashindwa kumfunga, bila hasira, bila dharau, kwa sababu wakati ulikuwa umetimia na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutosha ya kusema hapana. Mtangazaji alikuwa ameweka kichwa juu ya meza, mabega yakitetemeka kwa kicheko alichokizuia.

Simu ya ofisi ililia baada ya adhana. Meneja aliipokea amesimama. Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo mheshimiwa. Na wewe pia, mheshimiwa." Akaiweka chini polepole.

"Anasema nini?" tukamuuliza.

"Anasema alikuwa amesahau kwamba jua limetua. Anakunywa uji."

Lakini swali lilikuwa la imamu, si la mheshimiwa. Ingekuwaje kama alimwona mheshimiwa amedhalilishwa akaona ni fitina? Ingekuwaje kama saa ya msikiti na yetu zilitofautiana, na mtu amekwenda kumlalamikia? Fundi hakuwa na njia ya kujua. Aliniambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kesho angependa mtu awe msikitini akisikiliza kwa makini.

Mimi si mtu wa kuketi mbele msikitini. Ijumaa ile niliketi safu ya pili, na mjomba wangu, aliyekuwa safu ya tatu, alinigonga begani akasema kwa mshangao, "Umepotea njia?"

Imamu alipanda mimbari. Alizungumza kuhusu haki ya jirani. Alizungumza kuhusu maji ya udhu, kwamba kuna watu wanayaacha yakitiririka kama wako Mto Tana. Nilikuwa nimejizoesha kusikiliza hotuba nikitafuta kosa. Siku ile nilisikiliza nikitafuta neno moja tu, na kila sentensi ilipoanza kwa sauti kama ya neno redio, niliinua kichwa. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Na kuna jambo la mwisho," alisema, "ambalo limenifikia, na lazima niliseme, kwa sababu linahusu Magharibi."

Nilifumba macho.

"Pikipiki. Mnakuja kufuturu msikitini mkiwa na haraka, mnaegesha pikipiki mlangoni, wazee wanashindwa kupita. Naomba, kuanzia leo, ziegeshwe upande wa pili wa barabara."

Akamaliza. Tukaswali. Nilitoka nje kwenye jua kali, nikipenya katikati ya pikipiki zile zile, nikatafuta kivuli cha ukuta na kumpigia fundi.

Alipokea kabla simu haijalia mara mbili. "Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Kuhusu nyinyi, hakuna. Pikipiki tu."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha kiti kikigongwa, kisha sauti yake ikimpigia mtu kelele mbali na simu, "Pikipiki! Amesema pikipiki!" na mtangazaji akijibu kitu ambacho hakiandikiki. Kisha akarudi kwenye simu, sauti imetulia tena kama ya mtu anayetafuna.

"Sasa nisikilize," akasema. "Kutosema kwake Ijumaa moja si ushahidi wa kutosha, sivyo? Wewe ndiye mtu wa hisabati."

"Si wa kutosha," nikakiri.

"Basi Ijumaa ijayo uende tena. Na ile nyingine. Mpaka mwezi uishe." Akacheka. "Mama yako atanishukuru."